Cha juu: nani hasa huuza nyumba ya Kiwangwa?

Swali la kuuza nyumba kwa mkono wa mwenyewe au kwa mkono wa dalali, linapoulizwa katika kata ya Kiwangwa na katika vijiji vingine vilivyo kando ya barabara ya lami itokayo Makofia, karibu na mji wa Bagamoyo, hadi Msata, huulizwa mara nyingi kana kwamba jambo lenyewe ni hesabu ya asilimia 10 tu, ambayo muuzaji ama ataitoa ama atabaki nayo. Hesabu hiyo ina ukweli wake, lakini inafunika malipo mengine ambayo hayaandikwi popote na ambayo yanaweza kuizidi asilimia 10 kwa mbali, nayo ni yale ambayo madalali wenyewe huyaita "cha juu". Cha juu ni tofauti kati ya bei aliyoitaja mwenye mali na bei aliyolipa mnunuzi, tofauti ambayo mwenye mali haijui na mnunuzi haijui, ila dalali peke yake anaijua, kwa sababu ndiye aliyehakikisha kwamba watu hao wawili hawaizungumzi bei wakiwa wameketi mahali pamoja. Makala haya yanashikilia kwamba dalali ana kazi ya kweli inayostahili ujira wa kweli, na kwamba mwenye nyumba wa Kiwangwa hakosei anapomwajiri. Hukosea anapomkabidhi bei.

Kiwangwa ni kata ya Halmashauri ya Chalinze, wilayani Bagamoyo, katika Mkoa wa Pwani, na jina lake kwa wakazi wa Dar es Salaam limefungamana na mananasi yanayopakiwa huko na kupelekwa katika masoko ya jiji. Kabla ya kilomita 64 za Makofia hadi Msata kuwekwa lami, nyumba ya Kiwangwa ilikuwa na wanunuzi wa aina moja, nao walikuwa watu wanaojulikana: jirani wa mpaka aliyetaka kupanua shamba, ndugu aliyerudi kutoka mjini, au mchuuzi wa mananasi aliyechoka kupanga chumba msimu baada ya msimu. Watu hao hawakuhitaji kuonyeshwa mahali, kwa kuwa walipaona kila siku, wala hawakuhitaji kusimuliwa habari zake, kwa kuwa habari hizo zilikuwa zao pia. Na bei, iwe nzuri au mbaya, ilijadiliwa uso kwa uso, aghalabu mbele ya wazee. Lami ikaleta mnunuzi mwingine: mtumishi wa umma anayetafuta pa kustaafia, mfanyabiashara wa Kariakoo anayetaka ekari kadhaa za akiba, Mtanzania aliye ughaibuni anayenunua kwa simu na kutuma shemeji akaangalie. Mnunuzi wa namna hiyo hapajui mahali, hana mwenyeji, na siku zake za kuzunguka ni chache, hivyo kati yake na mwenye nyumba pakawa na pengo, na udalali wa leo umeota katika pengo hilo.

Pengo hilo limejaa pia uvumi. Mkataba wa awali wa ujenzi wa bandari ya Bagamoyo ulitiwa saini mwaka 2013, mradi ukasimama mwaka 2019, na mazungumzo ya kuufufua yakatangazwa mwaka 2021. Na kila habari hizi zilipotoka, bei za viwanja vya Zinga, Mapinga na Kerege zilipanda au kushuka katika vinywa vya watu hata pale ambapo hakuna kiwanja kilichobadilisha mwenyewe. Kiwangwa iko ndani zaidi, mbali na ufuo, lakini uvumi husafiri kwa lami hiyo hiyo inayosafirisha mananasi. Mwenye nyumba husikia kwamba ardhi "imepanda" bila kuambiwa imepanda kutoka wapi hadi wapi, na anayemletea habari hiyo mara nyingi ndiye anayetaka kununua au kuuza kwa niaba yake.

Ili kuelewa kwa nini mzee aliyeishi mahali pamoja kwa miaka 50 anaweza asijue thamani ya mahali hapo, ni lazima kurudi nyuma kidogo katika historia ya sheria. Amri ya utawala wa Kijerumani ya Novemba 1895 iliifanya ardhi yote ya koloni kuwa ya himaya, isipokuwa ile ambayo mtu aliweza kuthibitisha kwamba ni yake. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1923 ikaitangaza kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Na baada ya uhuru mamlaka hayo yakahamia kwa Rais, ambaye hadi leo, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, anaishika ardhi yote kama mdhamini, yaani mtu anayeitunza kwa niaba ya wananchi wote. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ardhi tupu haikuhesabiwa kisheria kuwa na bei, na kilichouzwa kilikuwa maendelezo, neno linalojumuisha nyumba, miti, visima na kila kitu kilichoongezwa na mkono wa binadamu. Ndiyo sababu karatasi za zamani za mauziano katika mwambao husomeka kama orodha ya miti, mikorosho kadhaa, minazi kadhaa, mwembe mmoja mkubwa, kisha nyumba ya vyumba viwili, huku eneo lenyewe likitajwa kwa majirani wa pande nne bila kipimo chochote.

Sheria ya 1999 iligeuza jambo hilo ilipoweka miongoni mwa misingi yake kwamba haki juu ya ardhi ina thamani na kwamba thamani hiyo izingatiwe katika kila muamala. Mgeuko huo ulikuwa wa haki, lakini uliwakuta watu waliozoea kupima mali kwa miti iliyozaa na chumba kilichoezekwa, na haukuwapa kipimo kipya. Kizazi kilichopanda mikorosho hakikuwahi kuuziana ekari, na hakina kumbukumbu ya bei za ekari ambayo mtu angeweza kuirejea na kusema kwamba fulani aliuza kwa kiasi hiki na hali yake ilikuwa hivi. Dalali anayefika uani na kuuliza, "Mzee, wewe unataka ngapi?", analijua hilo vizuri sana. Swali lake linasikika kama heshima, kwa kuwa linamwachia mwenye mali nafasi ya kusema kwanza, lakini hapo hapo ndipo hasara inapoanzia, maana mwenye mali hutaja kiasi kinachotatua shida iliyo mbele yake, kama karo ya mjukuu, deni la hospitali au mabati ya nyumba nyingine, na thamani ya mali haimo katika hesabu hiyo.

Chukuliwe mfano wa kubuni ambao hesabu zake ni nyepesi. Mwenye nyumba anataja shilingi milioni 20. Dalali wa kijijini, ambaye kwa kawaida ni kijana wa bodaboda aliyesikia mapema kwamba mtu fulani anauza, anampigia dalali wa Bagamoyo mjini na kumwambia milioni 23. Dalali wa mjini anampigia mwenzake wa Dar es Salaam na kumwambia milioni 27. Na huyo wa mwisho anaweka tangazo la milioni 35 akiongeza maneno yanayojulikana kwa kila msomaji wa matangazo hayo, kwamba maongezi yapo. Mnunuzi anashusha hadi milioni 32 na kuondoka akiamini kwamba amepunguziwa milioni 3. Muuzaji anapokea milioni 20 na kuombwa asilimia 10 ya hizo kama shukrani ya kazi, kwa hiyo anabaki na milioni 18. Milioni 14 zilizosalia zimegawanywa njiani na watu watatu, wawili kati yao wakiwa hawajawahi kukanyaga uwanja wa nyumba hiyo. Mnyororo wa namna hii hauhitaji mtu mwovu hata mmoja, kwa sababu kila kiungo kinaongeza kidogo tu na kinaona kwamba kimestahili, na kwa sababu hiyo hiyo ni vigumu kuukata kwa kukemea tabia za madalali.

Hasara haiishii katika kiasi alichokosa muuzaji, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa kirefu kwa kuwa halisemwi vya kutosha. Mauziano ya nyumba huambatana na kodi ya ongezeko la mtaji, yaani kodi inayotozwa kwenye faida, ambayo ni bei ya kuuzia ikitolewa gharama ya kupata na kuendeleza mali. Kwa mkazi wa Tanzania kiwango chake ni asilimia 10 ya faida hiyo. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaisamehe nyumba ambayo mtu ameimiliki kwa miaka 3 au zaidi na kuishi ndani yake kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, mradi faida isizidi shilingi milioni 15. Sasa irudiwe ile nyumba ya mfano, na ichukuliwe kwamba gharama yake iliyothibitishwa ni milioni 6. Kwa bei ambayo muuzaji aliijua, faida ni milioni 14, nayo inaangukia ndani ya msamaha. Lakini kama mkataba umeandikwa milioni 32, kwa kuwa mnunuzi makini atataka karatasi ioneshe alichotoa, faida inakuwa milioni 26, msamaha unatoweka, na muuzaji anadaiwa shilingi milioni 2.6 kwa fedha ambazo hazikuingia mkononi mwake. Na kwa kuwa cha juu hakina stakabadhi, hawezi kukitoa kama gharama ya kuuza.

Kama mkataba umeandikwa milioni 20, mzigo unahamia kwa mnunuzi. Milioni zake 12 hazina ushahidi, na siku mauziano yakibatilishwa, kwa mfano kwa sababu ya ndugu aliyejitokeza na madai ya urithi, atakachoweza kudai kwa karatasi ni milioni 20. Hata ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 1 ya thamani na ambao bila kulipwa hati huwa haipokelewi mahakamani kama ushahidi, utakuwa umekokotolewa juu ya kiasi kisicho cha kweli. Kwa namna yoyote karatasi itakavyoandikwa, kuna mtu mmoja kati ya wawili walio na haki ambaye amewekwa hatarini ili mtu wa tatu alipwe kwa siri.

Sheria iliyopo haikubaliani na siri hiyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ambayo sehemu yake kubwa ilitokana na sheria ya India ya mwaka 1872, ina sura nzima kuhusu uwakala, yaani uhusiano wa mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine, na misingi yake haina utata: wakala anawajibika kutoa hesabu kwa aliyemtuma, kumkabidhi alichopokea kwa niaba yake, na kama amefanya biashara ile kwa faida yake mwenyewe bila aliyemtuma kujua, faida hiyo inaweza kudaiwa na aliyemtuma. Kwa kipimo hicho, cha juu kilichofichwa ni mali ya muuzaji. Ugumu uko katika ushahidi, maana dalali wa kawaida hufanya kazi kwa maneno ya mdomo, na akiulizwa mbele ya baraza anaweza kusema kwamba yeye alikuwa wakala wa mnunuzi, au kwamba hakuwa wakala wa mtu yeyote, alikuwa anaunganisha tu.

Mgongano huu wa masilahi haukuzaliwa Pwani. Steven Levitt na Chad Syverson, wanauchumi wawili wa Marekani, walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa takriban mauzo 100,000 ya nyumba katika eneo la Chicago, wakilinganisha nyumba ambazo mawakala waliziuza kwa niaba ya wateja na nyumba ambazo mawakala hao waliziuza zikiwa zao wenyewe, na wakaona kwamba nyumba za mawakala zilikaa sokoni kwa wastani wa siku 9.5 zaidi na kuuzwa kwa takriban asilimia 3.7 zaidi. Maelezo yake ni mepesi: wakala anayepata asilimia ndogo ya bei hana sababu ya kusubiri wiki mbili ili mteja apate nyongeza ambayo yeye ataambulia kipande chake kidogo, lakini nyongeza yote ikiwa yake, husubiri. Uchunguzi mwingine, wa mji wa Madison katika jimbo la Wisconsin, uliochapishwa mwaka 2009, ulionesha kwamba waliouza wenyewe kupitia tovuti ya mji huo hawakupata bei ya chini kuliko waliotumia mawakala, ingawa kwa wastani walisubiri kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 2023 baraza la wazee wa mahakama katika mji wa Kansas City likaamua kwamba chama cha mawakala wa nchi hiyo na makampuni makubwa walikuwa wamekula njama kuziweka ada juu, na mwaka uliofuata chama hicho kikakubali kulipa dola milioni 418. Tofauti na Kiwangwa ni kubwa, kwa kuwa ada iliyobishaniwa huko ilikuwa imeandikwa, kila mtu aliiona, na kwa hiyo iliwezekana kuipeleka mahakamani.

Haitakuwa haki, hata hivyo, kumchora dalali kama mtu asiye na kazi. Dalali mzuri ana wanunuzi kabla nyumba haijatangazwa, anajua nani ana fedha na nani anapoteza muda, analipa nauli kwenda na kurudi kwa wateja kumi ambao tisa kati yao hawatanunua, anavumilia jua la shambani pamoja na mtu wa mjini anayeogopa nyasi, na anajua namna ya kuzungumza na watu wawili wenye hasira hadi wakapeana mikono. Mjane mwenye umri mkubwa, au warithi waliotawanyika Tanga, Morogoro na Muscat, hawawezi kuifanya kazi hiyo wenyewe hata wakitaka. Ujira wa asilimia 5 hadi 10 kwa kazi ya namna hiyo, ukiwa umekubaliwa waziwazi, unaweza kuwa wa haki kabisa.

Na Bagamoyo yenyewe isingekuwa Bagamoyo bila watu wa kati. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, mji huo ulipokuwa kituo cha mwanzo na mwisho cha misafara ya bara, hakuna mgeni aliyeweza kuondoka kwenda Tabora au Ujiji bila mtu wa kumtafutia wapagazi, vitambaa na shanga, na aliyejulikana kuliko wote katika kazi hiyo alikuwa Sewa Haji, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyefariki mwaka 1897 na ambaye jina lake lingali linatajwa katika hospitali ya Muhimbili kwa sababu ya mali aliyoitoa kwa ajili ya wagonjwa. Biashara yake ilikuwa ya faida kubwa na isingefaa kusimuliwa kama hadithi ya wema mtupu, lakini alikuwa na nyumba inayojulikana, duka linalojulikana na jina ambalo angelipoteza akidanganya. Dalali wa leo, katika hali nyingi, ana namba ya simu tu, na namba inaweza kubadilishwa jioni ile ile fedha zilipolipwa. Hofu hiyo imeandikwa ukutani kote mwambao, katika maandishi ya rangi nyekundu kwamba nyumba hii haiuzwi au shamba hili haliuzwi, ogopa matapeli, maandishi ambayo mwenye mali hulazimika kuyaweka ili mtu mwingine asiuze kilicho chake.

Kuuza mwenyewe nako kuna mitego yake, na mwenye nyumba wa Kiwangwa anayedhani kwamba kumkwepa dalali ni kuikwepa hatari yote anajidanganya, kwa sababu sehemu kubwa ya hatari iko katika haki ya kuuza. Nyumba nyingi za eneo hilo zimejengwa juu ya ardhi ya kijiji, yaani ardhi inayosimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ambayo mwenye nyumba anaimiliki kwa haki ya kimila, akiwa na hati ya hakimiliki ya kimila au bila hati. Haki hiyo haihamishwi kwa mapatano ya watu wawili peke yao. Halmashauri ya kijiji, ambayo ni chombo chenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, lazima iridhie, na Mahakama ya Rufani ilikwisha kutamka mwaka 1985 kwamba uhamisho wa ardhi ya kijiji bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji hauna nguvu. Muhuri wa mwenyekiti au saini ya mtendaji iliyotiwa juu ya meza ya mgahawa haiwi ridhaa ya halmashauri. Kinachotakiwa ni kikao, na kikao huacha muhtasari, na muhtasari huo ndio ambao muuzaji na mnunuzi wanapaswa kuuona. Ofisi ikidai sehemu ya bei, kama inavyotokea mara kwa mara, muuzaji ana haki ya kuoneshwa sheria ndogo inayoruhusu malipo hayo na kupewa stakabadhi.

Ikiwa eneo limepimwa na lina hati miliki, njia ni nyingine. Mauziano hupitia kwa Kamishna wa Ardhi na Msajili wa Hati, kwa fomu Na. 29 ya taarifa, Na. 30 ya kuomba kibali na Na. 35 ya uhamisho, na upekuzi katika daftari la msajili huonesha kama nyumba imewekwa rehani au ina zuio. Katika hali zote mbili, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, na mali ya marehemu haiuzwi na mtoto mkubwa kwa kuwa ni mkubwa tu, wala na aliyechaguliwa na kikao cha ukoo kabla mahakama haijamteua kuwa msimamizi wa mirathi. Sheria ya Ardhi inataka pia kwamba mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi, la sivyo hautekelezeki mahakamani. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji dalali, na yapo mengi ambayo dalali mwenye haraka angependa yarukwe, maana yeye hulipwa siku ya mauziano na mgogoro huzuka miaka mitatu baadaye.

Kwa hiyo njia inayofaa zaidi ni kuigawa kazi. Bei iwe kazi ya mwenye mali, akisaidiwa na mthamini aliyesajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini Na. 7 ya 2016, au kama gharama hiyo ni kubwa kwake, akisaidiwa na kumbukumbu za mauziano ya karibuni ambazo majirani na ofisi ya kijiji wanazo. Sheria ibaki kwa wakili au kwa ofisi zenye mamlaka. Dalali aachiwe kile anachokijua kuliko wote, yaani kumtafuta mnunuzi na kumfikisha, kwa ujira uliotajwa kwenye karatasi moja inayosema dalali ni wa upande gani, atalipwa asilimia ngapi ya bei iliyolipwa kweli, na kwamba hatapokea kitu kingine kutoka kwa yeyote bila pande zote kujua. Karatasi hiyo iongezwe sharti moja ambalo lina nguvu kuliko yote: mnunuzi na muuzaji watakutana na kutajiana bei kwa midomo yao kabla ya fedha kutoka, na malipo yatakwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya muuzaji. Dalali anayekataa sharti hilo ameshajieleza.

Serikali nayo ina deni katika jambo hili. Kenya imekuwa na sheria ya mawakala wa nyumba na ardhi tangu mwaka 1984, inayomtaka wakala asajiliwe na bodi na kumfanya anayefanya kazi hiyo bila usajili kuwa mkosaji, na ingawa sheria hiyo haijawamaliza matapeli wa Nairobi na Mombasa, inampa aliyeumizwa mahali pa kwenda. Tanzania Bara kwa miaka mingi imeendelea na udalali usio na sheria yake mahsusi, huku sheria ya kusimamia sekta hiyo ikizungumzwa na kuahirishwa. Amri iliyotolewa Julai 2025 iliwakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa, udalali wa ardhi na nyumba ukiwemo, na kwa kufanya hivyo dola ilikiri kwamba hii ni biashara yenye thamani inayostahili kulindwa kwa ajili ya wananchi. Ulinzi huo unamnufaisha dalali raia. Muuzaji raia bado anasubiri daftari la usajili, ukomo wa ada, na katazo la wazi la cha juu kilichofichwa. Na mambo haya matatu yangeweza kuanza hata kwa sheria ndogo za halmashauri, zikiwemo za Chalinze na Bagamoyo, bila kungoja Dodoma.

Liko jambo moja la mwisho ambalo halimo katika fomu yoyote iliyotajwa, na ambalo linaonesha kwa nini mwenye nyumba hapaswi kukosekana kwenye meza ya mauziano hata kama ameajiri dalali bora kuliko wote. Nyuma ya nyumba nyingi za Wakwere, Wazaramo na Wadoe wa eneo hilo yapo makaburi ya familia, baadhi yakiwa na saruji na majina, mengine yakiwa na jiwe tu chini ya mti. Dalali anayempitisha mnunuzi barabarani haoni sababu ya kuyataja, kwa kuwa humpunguzia bei; mnunuzi akija kuyagundua baada ya kujenga ukuta, hudhani ametapeliwa; na watoto wa marehemu wanaporudi kusoma dua hukuta geti limefungwa na mlinzi asiyewajua. Mwenye mali akiwepo, jambo hilo huzungumzwa mapema na kuingizwa katika mkataba kwa sentensi mbili tatu: makaburi ni mangapi na yako upande gani, hayatafukuliwa wala kujengewa juu, na njia ya upana wa hatua chache, kutoka barabarani hadi kwenye mwembe ule, itabaki wazi kwa ajili ya familia.